Gemu Yako Ipo Play Store na Hakuna Anayeijua: Pa Kuanzia Ukiwa Dar

Siku gemu yangu ya kwanza ilipokubaliwa Play Store, nilimpigia binamu yangu wa Kimara nikamwambia aitafute. Akaandika jina, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Ni hii yenye basi jekundu?" Siyo. "Hii ya njano?" Siyo. Alishuka na kidole mpaka akachoka, mwisho akaniambia nimtumie tu linki WhatsApp. Jina nililoipa lilikuwa la Kiingereza, maneno mawili ambayo gemu kibao za mabasi zilikuwa zimeshayatumia, na ikoni yake, bila aibu, ilikuwa basi. Jioni ile takwimu zilionyesha watu 11 wameipakua. Tisa kati yao nawajua kwa majina.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kawaida, ila haikuwa mbaya kuliko zile zilizokuwa juu yake. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kuitangaza kunaanza siku ya kuichapisha, na kwamba kunaanzia duniani. Haya yanayofuata ndiyo niliyoyafanya kwa gemu ya pili, ya konda anayerudisha chenji, na kwa mpangilio ambao ningeufuata tena kesho. Ni ya mtu mmoja au wawili wanaotengeneza gemu sebuleni usiku baada ya kazi. Kama una fungu la matangazo ya televisheni, mwongozo huu haukuhusu.

Hatua ya 1: Chagua mtaa wako kabla ya dunia

Watu wengi wanaijua Angry Birds, wachache wanajua ilivyoanza. Kampuni ya Rovio ya Finland iliitoa kwenye iPhone Desemba 2009, na inahesabiwa kuwa gemu yao ya 52. Haikuanza kwa kuiteka Marekani. Ilianza kupanda nyumbani Finland, soko dogo ambako wanunuzi mia chache tu kwa siku walitosha kuifikisha namba moja, kisha ikapanda kwa majirani, Sweden na Denmark. Februari 2010 Apple wakaiweka mbele kwenye duka lao la Uingereza, na kutoka hapo ndipo habari ikawa habari.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi leo, kwa sababu tangu Novemba 2021 Google huonyesha nyota za gemu kwa kufuata nchi. Mtu wa Temeke akifungua ukurasa wa gemu yako anaona nyota zilizotolewa na watu wa Tanzania. Orodha za gemu zinazopanda nazo ni za kila nchi. Kwa hiyo Watanzania 60 walioipenda gemu yako wana nguvu Tanzania, lakini wale wale 60 ukiwatawanya nchi 30 hawaonekani popote.

Kwa vitendo: kwenye Play Console, tovuti ya Google unakopakia na kusimamia gemu yako, nenda sehemu ya kuchagua nchi, weka Tanzania peke yake kwa kuanzia. Utajisikia vibaya kuzifungia nje nchi zote zile. Vumilia, utazifungua baadaye. Halafu andika sentensi moja inayosema gemu ni ya nani, uibandike ukutani. Yangu ilisema: "Abiria na makonda wa daladala wenye Android ya bei ndogo, wanaocheza dakika tano wakisubiri gari lijae." Kila uamuzi ulipitia hapo, hata rangi ya sarafu.

iPhone iache kwanza. Akaunti ya Google ya kuchapishia gemu unalipia dola 25 mara moja, basi. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na unaoanza nao hawana iPhone.

Hatua ya 2: Ipeleke kwenye simu za watu, mchana, juani

Hapa ndipo gemu nyingi za kwetu zinapofia, na mwenyewe hajui kwa sababu kwake inacheza vizuri. Unatengeneza kwenye kompyuta yenye nguvu, unajaribu kwenye simu yako nzuri, unasema tayari. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani, uangalie ni simu gani zinatoka kwa wingi pale kaunta: Tecno, Infinix, itel. Nunua moja ya bei ya chini, hata iliyotumika, yenye RAM ya GB 2. Hiyo ndiyo simu yako ya kazi kuanzia leo. Ikicheza pale, itacheza popote.

Kisha itoke nyumbani. Mimi nilienda stendi ya Mbagala Rangi Tatu saa saba mchana, nikamkuta konda ameegemea mlango wa gari anasubiri abiria. Nikamsalimia, nikamweleza, akakubali niiweke kwenye simu yake. Kioo chake kilikuwa na ufa kuanzia katikati mpaka kona ya chini kulia. Kona ile ile ndipo nilipokuwa nimeweka kitufe cha kurudisha chenji. Akabonyeza mara tatu, gemu haimsikii. Akanitazama kwa huruma: "Braza, hapa pangu pamekufa siku nyingi." Nikamwomba aendelee hivyo hivyo. Alipoigeuza simu kulikwepa jua nikaona la pili: sarafu zangu za kahawia juu ya kiti cha kahawia hazionekani kabisa mchana. Ndani kwangu, usiku, zilikuwa zinapendeza.

Nilirudi nikafanya nusu yote ya chini ya kioo iwe kitufe, na sarafu zikawa na ukingo mweupe. Dakika ishirini na konda mmoja zilinisaidia kuliko miezi miwili ya kujisifia mwenyewe.

Swali la kwanza watakalokuuliza kabla hawajauliza gemu inahusu nini ni hili: "MB ngapi?" Bando linauma, na hifadhi ya simu imejaa picha na sauti za WhatsApp. Punguza. Muziki wa dakika nne usio na maana, picha kubwa ambazo kwenye kioo kidogo hazina tofauti, fonti tano: toa. Gemu yangu ilianza na MB 94, nikaishusha hadi 31 kwa wiki moja, na wingi wa uzito ulikuwa sauti. Halafu hakikisha inachezeka bila intaneti. Kama haihitaji mtandao, hilo ni sifa kubwa, liseme mapema na kwa sauti.

Google nao wanakutazama upande huu. Gemu ikijifunga ghafla kwa zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku, au ikiganda kwa zaidi ya asilimia 0.47, Play Store inaweza kupunguza kuionyesha. Kwa aina moja ya simu kipimo ni asilimia 8, na ukikivuka, wenye simu hiyo wanaweza hata kuwekewa onyo kwenye ukurasa wako. Maana yake ukiwa na wachezaji 100 kwa siku, wawili tu wakijifungiwa umeshavuka mstari. Kwa hiyo gemu inayojifunga kwenye itel ni tatizo la matangazo pia.

Jambo moja la pembeni linalotukuta sana huku: watu wanarushiana programu kwa Xender ili kuokoa bando. Sasa hivi gemu zinapakiwa Play Store kwa mfumo wa App Bundle, ambao humpa kila mtu vipande vinavyofaa simu yake tu. Vipande hivyo vikirushwa simu nyingine, mara nyingi vinafika pungufu na gemu haifunguki. Yule mtu hatasema Xender imekosea, atasema gemu yako mbovu. Mfumo huo huo hugawa hata lugha: kama maneno ya gemu umeyaweka kwenye faili za lugha za Android, mwenye simu iliyowekwa Kiingereza anaweza asipewe Kiswahili chako kabisa. Zima ugawaji wa lugha kwenye mipangilio ya Bundle kabla ya kupakia.

Hatua ya 3: Wajaribu 12 wawe ndio mbegu

Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hairuhusiwi kuchapisha gemu moja kwa moja. Lazima kwanza uwe na wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Zamani walikuwa 20, wakapunguza Desemba 2024. Watu wanalalamika sana kuhusu sharti hili, na wengine wanalipa vikundi vya mtandaoni viwapatie wajaribu wasiojulikana walipo. Usifanye hivyo. Umelazimishwa kutafuta watu 12 wa kukaa na gemu yako wiki mbili, na wewe unakwenda kununua watu ambao hawataifungua hata mara moja.

Watafute kwenye ile sentensi ya ukutani. Mimi nilichukua makonda wawili, muuza vocha wa stendi, dada mmoja anayepanda gari la Gongo la Mboto kila asubuhi, vijana watatu wa banda la PS la mtaani kwetu, na waliobaki ndugu na majirani. Chukua 16 au 17, kwa sababu kuna atakayebadilisha simu na kuna atakayefuta gemu ili apate nafasi ya video ya harusi.

Ugumu utaukuta pale ambapo hukutarajia: barua pepe. Utamwuliza mtu Gmail yake ni ipi na hataijua, kwa sababu ilifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu dukani. Usimwambie aende akaikumbuke. Mwambie afungue Play Store, abonyeze duara lililo juu kulia, aisome iliyoandikwa pale. Mkae pamoja, uinakili mwenyewe herufi kwa herufi. Kisha mtumie linki ya kujiunga na umwone akibonyeza kukubali, maana kuwa kwenye orodha yako peke yake hakuhesabiki.

Fungua kundi la WhatsApp la watu hao. Waombe rekodi za sauti, wasiandike. Mtu akiandika atakwambia "iko poa", akirekodi sauti atakwambia ukweli. Andika unachoambiwa na ulichorekebisha, kwa sababu siku 14 zikiisha Google watakuuliza uliwapataje wajaribu na walisema nini. Na siku ya uzinduzi, kundi hilo ndilo litakaloposti status kabla yako. Wale watu wataiona gemu ni yao. Konda wangu wa Mbagala mpaka leo anawaambia watu kitufe kile alikihamisha yeye, na hasemi uongo.

Hatua ya 4: Ukurasa wa Play Store

Jina lina nafasi ya herufi 30, maelezo mafupi 80, maelezo marefu 4,000. Maelezo marefu yanasaidia utafutaji ila wachezaji wachache sana wanayasoma. Nguvu yako iweke kwenye jina, ikoni, picha mbili za kwanza na zile herufi 80.

Jina la pili nililipata ndani ya gari. Abiria wa nyuma alipaza sauti, "Konda, chenji yangu!" na nusu ya gari ikacheka kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake la kudai. Hilo ndilo likawa jina, na lina herufi 20 pamoja na nafasi. Jina zuri ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja kwenye kelele anaweza kuliandika bila kuuliza. Lijaribu hivi: mpigie mtu simu, mtamkie jina mara moja, mwambie akuandikie kwa ujumbe. Akikosea herufi, jina lina kasoro. Usitie emoji, usiandike lote kwa herufi kubwa, wala maneno kama "bure" au "namba moja". Sera ya Google inakataza hayo kwenye jina.

Maneno ya kutafutia yatafute kwenye simu za watu wengine, siyo yako, maana simu yako imeshakuzoea. Andika "gemu ya" kwenye Play Store uone inavyomalizia yenyewe. Andika "gemu za magari", "michezo ya magari", "daladala", kisha neno la Kiingereza watu wanalotumia. Utagundua Watanzania wanachanganya lugha mbili kwenye mstari mmoja, na wewe fanya hivyo kwenye maelezo, kwa sentensi za kawaida na si kwa kurundika maneno. Play Console inakuruhusu kuweka ukurasa wa Kiswahili pamoja na wa Kiingereza. Jaza zote mbili, na wa Kiswahili uuandike mwenyewe. Usiuachie mashine ikuandikie "pakua mchezo wetu wa kusisimua".

Herufi 80 zangu: "Rudisha chenji kabla daladala haijafika kituoni. Inachezeka bila bando." Zipo 71. Sentensi ya kwanza inasema utafanya nini, ya pili inaondoa kikwazo. Hapo kabla nilikuwa nimeandika kuhusu "burudani kwa familia nzima", maneno ambayo yangefaa hata kwenye tangazo la sabuni.

Ikoni hupakiwa ikiwa pikseli 512 kwa 512, lakini mtu anaiona ikiwa ndogo kama kucha. Kwa hiyo iweke kwenye kioo cha simu katikati ya WhatsApp, TikTok na programu ya benki, umpe mtu simu kwa mkono ulionyooka, umwulize anaona nini. Basi langu la mwanzo lilionekana kama tofali. Nikaweka mkono ulioshika noti zilizokunjwa katikati ya vidole, namna makonda wanavyozishika. Hakuna Mtanzania asiyeujua mkono ule.

Picha za skrini unaruhusiwa hadi nane, ila zinazofanya kazi ni mbili za mwanzo. Usianze na picha ya menyu wala nembo ya kampuni yako. Anza na sekunde yenye presha kubwa kuliko zote kwenye gemu: noti ya elfu kumi mkononi, abiria watatu wamenyoosha mikono, kituo kinakaribia. Juu yake maneno matatu au manne makubwa. Kuna pia ile picha pana ya 1024 kwa 500. Usiijaze maandishi, kwani kwenye kioo kidogo yanakuwa punje za mchele.

Play Console ina majaribio ya kulinganisha picha mbili ili uone ipi inavuta wapakuaji. Yanafaa ukiwa na wageni wengi. Ukiwa na wageni thelathini kwa siku, majibu yake ni kama kurusha shilingi. Beba picha mbili, nenda kijiweni, uliza watu kumi.

Hatua ya 5: Chagua siku kwa akili

Usizindue siku ya Simba na Yanga. Hakuna zaidi ya kusema hapo.

Ijumaa jioni watu wana muda, lakini ukikuta hitilafu utaitengeneza usiku kucha peke yako. Mimi napenda Jumatano: ukurasa unatulia, makosa ya kwanza yanajitokeza, na wikiendi inapofika unaposti ukiwa na uhakika. Kumbuka pia ukaguzi wa Google unaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo peleka mapema na uchague kuchapisha mwenyewe wakati ukifika. Ile njia ya kuachia kwa asilimia kidogo kidogo ipo kwa matoleo mapya tu. Toleo la kwanza linatoka lote kwa pamoja.

Kama gemu yako ni ya Kiswahili, Julai 7 ina faida yake. UNESCO waliifanya Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2022, na wahariri wiki ile wanatafuta habari ya Kiswahili iliyo tofauti na hotuba. Waandikie wiki mbili kabla, kwa sababu Julai 7 yenyewe ni Sabasaba na waandishi wote wako uwanjani Barabara ya Kilwa. Ujumbe uwe mfupi: mimi nani, gemu ni nini kwa sentensi moja, kwa nini sasa, linki, picha tatu, video moja. Usiandike "gemu ya kwanza Tanzania". Haitakuwa ya kwanza, na mhariri atajua.

Hatua ya 6: Video fupi, linki tofauti, na stika

Among Us ilitoka Juni 2018 na ikakaa karibu miaka miwili bila kelele. Mwaka 2020 watu wanaorusha gemu moja kwa moja mtandaoni wakaanza kuicheza mbele ya watazamaji wao, dunia nzima ikaitaka. Waliotazama walikuwa wanawatazama watu wakigombana na kucheka, na gemu ikaja nyuma ya kicheko. Ndiyo maana video yako isiwe ya kuonyesha gemu tu. Iwe ya mtu anayecheza.

Video iliyonifaa kuliko zote nilichukua sekunde 15, simu ikiwa wima: muuza vocha anacheza, mwenzake nyuma anampigia kelele "mrudishie mia tatu, mia tatu!", anakosea, gari zima kwenye gemu linazomea. Haikuhaririwa. Niliweka TikTok na kundi likaweka kwenye status. Ile niliyokaa nayo siku tatu kuipamba kwa maandishi yanayoruka haikufika popote.

Pesa nazo nimezitupa. Nililipa ukurasa mmoja mkubwa wa udaku upostie gemu. Likes zilifika mamia, waliopakua walikuwa sita. Wafuasi wa ukurasa ule walikuja kusoma nani kaachana na nani, wala hawakuwa na shida na gemu. Afadhali kijana mwenye wafuasi elfu mbili anayechekesha kuhusu maisha ya daladala. Mpigie, mweleze, mpe nafasi ndani ya gemu: mimi nilimweka mmoja kama abiria msumbufu, kwa ridhaa yake na kwa sauti yake. Aliposti mara nne bila kuombwa.

Nilijuaje kwamba ni sita? Kwa linki. Linki ya Play Store inakubali kuongezewa alama ya chanzo mwishoni, sehemu inayoitwa "referrer", na Play Console inakuonyesha waliotoka kila chanzo. Tengeneza linki yake kwa TikTok, yake kwa status, yake kwa kila mtu anayekutangazia. Bila hivyo utakuwa unabahatisha, na utarudia kulipa pasipofaa.

Stika nilichapisha mia moja. Kwa idhini ya wenye magari, tulizibandika nyuma ya viti, usawa wa macho ya aliyekaa. Awamu ya kwanza nilijaza msimbo wa QR ukubwa wa kiganja, na haikuleta kitu: ndani ya gari mtu amebanwa, simu iko mfukoni kwa usalama wake, na bando analitunza. Awamu ya pili niliandika jina kubwa, "Konda, Chenji Yangu! Itafute Play Store. MB 31", na QR nikaibana pembeni. Walioitafuta kwa jina wakaanza kuonekana kwenye takwimu usiku, kuanzia saa mbili, watu wakiwa wamefika makwao.

Hatua ya 7: Nyota na maoni

Omba maoni pale mtu anapofurahi. Google wana kisanduku kinachotokea ndani ya gemu yenyewe. Kiite baada ya mchezaji kushinda safari ya tatu hivi, kamwe si anapofungua wala anapofungwa. Ujue tu kwamba Google ndio wanaoamua kama kitokee, kwa hiyo usikiunganishe na kitufe, kitaonekana kimekufa. Usitoe zawadi ili upewe nyota, ni kinyume cha sera. Wala usiwakusanye marafiki kumi kwenye Wi-Fi moja mkapeana tano tano. Nyota za namna hiyo zinafutwa, na akaunti yako inaingia doa.

Jibu kila maoni kwa wiki za mwanzo. Una herufi 350, zinatosha. Mmoja aliniandikia nyota moja: "gemu inaiba chenji kama makonda wenyewe". Nikacheka, halafu nikachunguza: kweli, mahesabu ya mia mbili na hamsini yalikuwa yanapotea kwenye safari ndefu. Nikamjibu, "Umenikamata, kaka. Nimerekebisha kwenye toleo la leo, naomba uhesabu tena." Akarudi akaweka tano, na jibu lile likasomwa na wengine walioingia ukurasa. Mtu akilalamika usimfundishe namna ya kucheza. Uliza simu yake ni ipi, rekebisha, mrudie.

Hatua ya 8: Namba tatu, kisha majirani

Kila Jumatatu tazama namba tatu tu. Wangapi waliofika ukurasani wakapakua: ikiwa ndogo, tatizo ni ikoni na picha. Wangapi walirudi kesho yake: ikiwa ndogo, tatizo ni dakika ya kwanza ya gemu, na matangazo yoyote utakayolipia ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wangapi walirudi baada ya siku saba: hiyo ndiyo itakayokwambia kama kuna gemu hapo au kuna kichekesho cha siku moja. Sikulipia tangazo hata moja mpaka namba ya pili ilipotulia wiki tatu mfululizo.

Nyota zikishatulia nyumbani ndipo ufungue Kenya na Uganda, nchi moja moja. Play Console inakuruhusu kuiwekea kila nchi ukurasa wake, na usidhani Kiswahili kikiwa kimoja basi maneno ni yale yale. Kabla ya kufungua Kenya nilimtumia rafiki wa Nairobi picha zangu akazirudisha zimejaa alama nyekundu: gari ni matatu, konda ni makanga, na noti mkononi ni za kwetu, siyo zao. Nikachora noti upya, nikabadilisha rangi ya gari, nikatengeneza ikoni ya pili. Mkono ulioshika noti katikati ya vidole aliniambia niuache ulivyo, kwao nao wanazishika hivyo hivyo.